Je, Kipenga Huwapendelea Wakubwa?

Usiku wa tarehe 31 Mei 2002, katika jiji la Los Angeles, Marekani, timu mbili za mpira wa kikapu, Los Angeles Lakers na Sacramento Kings, zilikutana kwa mara ya sita katika mashindano ya mtoano ya ligi ya kulipwa ya nchi hiyo, NBA. Sacramento ilikuwa imekwisha kushinda michezo mitatu na Lakers miwili. Lau Sacramento ingeshinda usiku huo, ingekwenda fainali. Lakers ndiyo iliyokuwa timu yenye jina: ilikuwa imetwaa ubingwa mwaka 2000 na tena mwaka 2001, na ndani yake walikuwamo Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, wachezaji waliojulikana dunia nzima. Sacramento ilikuwa timu ya mji mdogo zaidi, isiyopata ubingwa hata mara moja tangu ihamie mji huo mwaka 1985. Katika robo ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, Lakers walipewa mitupo huru 27 na Sacramento 9. Lakers wakashinda kwa pointi 106 dhidi ya 102. Wakashinda na mchezo wa saba, na hatimaye wakawa mabingwa kwa mara ya tatu mfululizo.

Kwa wale ambao hawajauzoea mchezo huu, yafaa kueleza kwamba mtupo huru hutolewa mchezaji anapotendewa kosa la mwili, yaani faulo, hasa akiwa katika kurusha mpira kikapuni. Husimama kwenye mstari ulio umbali wa meta 4.6 kutoka ubao wa kikapu, akarusha bila ya kuzuiwa na mtu, na kila mpira uingiao huhesabiwa pointi moja. Kwa hiyo mwamuzi apulizapo kipenga hasimamishi mchezo tu, bali mara nyingi huwa anagawa pointi. Katika mchezo ulioamuliwa kwa tofauti ya pointi nne, tofauti ya mitupo 18 si jambo la kupuuzwa.

Wala halikupuuzwa. Ralph Nader, mtetezi mashuhuri wa haki za walaji, alimwandikia kamishna wa ligi, David Stern, akitaka uchunguzi ufanywe. Miaka mitano baadaye jambo hilo lilipata uzito mpya. Mwezi Julai 2007 mwamuzi mmoja wa NBA, Tim Donaghy, alijiuzulu baada ya wapelelezi wa serikali kugundua kwamba alikuwa akishiriki katika kamari juu ya michezo, ikiwamo ile aliyoichezesha yeye mwenyewe. Alikiri makosa mahakamani, na mwezi Julai 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Kabla ya hukumu hiyo, mawakili wake walidai katika hati za mahakama kwamba waamuzi wengine waliupindisha mchezo mmoja wa mtoano wa mwaka 2002, na maelezo yao yaliuelekea mchezo huo wa Los Angeles. Ligi ilikanusha. Uchunguzi ulioongozwa na mwanasheria Lawrence Pedowitz, ambao taarifa yake ilitolewa mwezi Oktoba 2008, haukupata ushahidi kwamba mwamuzi mwingine yeyote alicheza kamari juu ya michezo yake au kuwauzia siri wacheza kamari.

Hapa pana maswali mawili ambayo mashabiki huyachanganya. Swali la kwanza ni kama kuna mwamuzi aliyekula njama. Hilo ni la polisi na mahakama, na hujibiwa kwa hati za benki, simu na mashahidi. Swali la pili ni kama waamuzi waaminifu, wasiopokea hata senti moja, huelekea kuzipendelea timu kubwa bila ya wao wenyewe kujua, kana kwamba ile kanuni ya mwenye nguvu mpishe hufanya kazi hata ndani ya uwanja. Hilo ni swali la sayansi, na mwanafunzi wa sekondari anayejua uwezekano na wastani anaweza kuifuata njia ya kulijibu.

Kipenga na shilingi

Tuanze na hesabu ya mitupo 27 kwa 9. Hebu tuchukulie kwamba timu zote mbili zilistahili sawasawa, na kwamba kila mtupo uliamuliwa kama kwa kurusha shilingi: kichwa ni Lakers, mwenge ni Sacramento. Shilingi ikirushwa mara 36, tutarajie vichwa 18 hivi. Je, ni mara ngapi tutapata tofauti kubwa kama ya 27 kwa 9, au zaidi, upande wowote ule? Hesabu inatoa jibu la takriban mara 4 katika 1,000. Mtu akiishia hapo atasema upendeleo umethibitika.

Lakini amekosea kipimo. Mitupo huru haiji mmoja mmoja kama shilingi. Kwa kawaida huja miwili miwili, kwa kuwa faulo moja huzaa mitupo miwili. Mwamuzi hakuamua mara 36. Aliamua kama mara 18 tu, na kila uamuzi ukahesabiwa mara mbili. Yatupasa kwa hiyo turushe shilingi mara 18, na kuuliza ni mara ngapi zitatokea 14 kwa 4 au zaidi. Njia zote za kuangukia shilingi 18 ni 262,144. Zinazotoa tofauti hiyo, kwa upande wowote, ni 8,096. Uwezekano ni kama mara 3 katika 100. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu hii waithibitishe kwa pembetatu ya Pascal. Kosa la kuhesabu tukio moja kana kwamba ni mawili lilitosha kuukuza ushahidi karibu mara nane, na ni kosa linalofanywa na watu wenye shahada, si mashabiki peke yao.

Halafu kuna jambo jingine. Msimu wa 2001 hadi 2002 ligi ilikuwa na timu 29, na kila moja ilicheza michezo 82 kabla ya mtoano. Hiyo ni michezo 1,189, na kwa kuwa kila mmoja una robo nne, ni robo 4,756 katika msimu mmoja. Kama kila robo ingekuwa na mipulizo mingi kiasi kile, shilingi peke yake, isiyompenda wala kumchukia mtu, ingetuletea robo zaidi ya 140 zenye tofauti kubwa namna hiyo kila mwaka. Mara nyingi mipulizo huwa michache zaidi, kwa hiyo idadi hiyo ni ya kukadiria tu. Hata hivyo inaonyesha ukubwa wa jambo lenyewe. Robo ya nne ya tarehe 31 Mei haikuchaguliwa kwa bahati nasibu ili ichunguzwe. Ilichaguliwa kwa sababu ilishangaza. Anayepiga mshale kwenye shina la mti kisha akachora duara kuuzunguka, hawezi kusifiwa kwa shabaha.

Timu mbili si shilingi

Shilingi ina kasoro nyingine, nayo ndiyo kubwa zaidi. Inachukulia kwamba timu zote mbili hucheza kwa namna moja, na hilo si kweli. Shaquille O'Neal alikuwa na kimo cha meta 2.16 na uzito wa zaidi ya kilo 140, na mahali pake pa kuchezea palikuwa chini kabisa ya kikapu, ambako miili hugongana. Tena alikuwa dhaifu katika mitupo huru: katika maisha yake yote ya uchezaji aliingiza takriban nusu tu. Wapinzani waligundua kwamba kumkamata kwa makusudi kulikuwa na faida kuliko kumwacha arushe kutoka karibu, wakafanya hivyo mchezo baada ya mchezo. Mitupo mingi aliyopewa O'Neal haikuwa zawadi ya mwamuzi, ilikuwa mkakati wa adui. (Usiku ule mkakati uliwageuka: aliingiza 13 kati ya 17.) Kadhalika, timu iliyo nyuma katika dakika za mwisho hutenda faulo kwa makusudi ili kusimamisha saa, na kwa hiyo timu inayoongoza hujikusanyia mitupo hata kama mwamuzi ni malaika.

Wachezaji nyota, kwa jumla, hushika mpira muda mrefu kuliko wenzao na huushambulia ukuta wa adui mara nyingi zaidi. Wengine wamelifanya jambo la kutafuta faulo kuwa ufundi, hata ikabidi ligi iwaagize waamuzi wake kuanzia msimu wa 2021 hadi 2022 wasiwazawadie wale wanaojirusha au kujipinda isivyo kawaida ili kumgonga mlinzi. Kulinganisha idadi ya faulo bila ya kuuliza ni mara ngapi kila upande ulijiweka katika hatari ya kufauliwa ni sawa na kusema kwamba hospitali ya rufaa ni mbaya kuliko zahanati ya kijiji kwa sababu hufa watu wengi zaidi hospitalini. Wagonjwa mahututi hupelekwa wapi?

Jicho la shabiki

Shabiki atajibu kwamba yeye hakutumia hesabu, aliona kwa macho yake. Macho nayo yamechunguzwa. Mwezi Novemba 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza mchezo mkali wa futiboli ya Kimarekani. Nyota wa Princeton alitolewa akiwa amevunjika pua, na mchezaji mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Baadaye Albert Hastorf na Hadley Cantril, wataalamu wa saikolojia, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu moja ya mchezo huo, wakawataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Dartmouth waliona timu yao ikitenda makosa 4.3 kwa wastani. Wale wa Princeton, wakiitazama filamu ile ile, waliona Dartmouth ikitenda makosa 9.8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954, na hayajapoteza ladha hadi leo. Hakuna aliyekuwa akidanganya.

Lakini ni lazima kuwa waadilifu: kama jicho la shabiki hupotoshwa na mapenzi, kwa nini jicho la mwamuzi lisipotoshwe na sifa? Mwamuzi hupewa sehemu ndogo ya sekunde kuamua kama mkono ulioguswa uliguswa kabla ya mpira au baada yake. Penye upungufu wa habari, akili hujazia kwa yale inayoyatarajia. Mchezaji aliye hodari hutarajiwa kufanya sawasawa, na chipukizi hutarajiwa kukosea. Hapo ndipo upendeleo usio na nia mbaya unapoweza kuingia, na hapo ndipo watafiti walipoutafuta.

Njia za kuukamata upendeleo

Utafiti uliotikisa ligi ulifanywa na Joseph Price na Justin Wolfers, wataalamu wa uchumi. Habari zake zilitangazwa magazetini mwezi Mei 2007, na makala yenyewe ikachapishwa mwaka 2010. Swali lao lilikuwa la rangi, wala halikuwa la umaarufu, lakini njia yao ni mfano mzuri. Walichukua kumbukumbu za misimu 13, tangu 1991, na badala ya kumlinganisha mchezaji mmoja na mwingine, walimlinganisha kila mchezaji na nafsi yake: alipata faulo ngapi alipochezeshwa na waamuzi wa rangi yake, na ngapi alipochezeshwa na wale wa rangi nyingine? Kwa kuwa waamuzi hupangwa bila ya kuzingatia rangi za wachezaji, mtindo wa mchezaji hauwezi kuwa ndio sababu ya tofauti. Tofauti ilionekana: ilikuwa ndogo, lakini ya kudumu, wachezaji wakipuliziwa zaidi na waamuzi wa rangi nyingine. Linalopendeza ni lililofuata. Price na Wolfers, pamoja na mwenzao Devin Pope, walipoyachunguza tena mambo hayo katika miaka iliyofuata tangazo lile la 2007, waliikuta tofauti imetoweka.

Njia ya pili ilitumiwa na Price, Marc Remer na Daniel Stone katika makala ya mwaka 2012. Walitenganisha namna mbili za kupoteza mpira. Mchezaji akitoa pasi mbaya ikatoka nje, mwamuzi hana la kuamua. Ila akiadhibiwa kwa kutembea na mpira au kwa kumsukuma mlinzi, mwamuzi ameamua. Kama timu fulani inacheza vibaya, namna zote mbili zitaongezeka. Kama ile ya kuamuliwa tu ndiyo inayobadilika, basi mwamuzi anashukiwa. Walikuta nini? Waamuzi waliegemea timu za nyumbani, timu zilizokuwa zikishindwa katikati ya mchezo, na timu zilizokuwa nyuma katika mfululizo wa mtoano. Haya si yale ambayo shabiki wa Sacramento angeyatabiri kwa jumla, kwani mtu anayeonewa huruma hapa ni yule aliye chini. Hata hivyo yatazamwe vizuri. Usiku ule Lakers ndio waliokuwa nyumbani, na ndio waliokuwa nyuma kwa michezo mitatu kwa miwili. Mambo mawili kati ya matatu yalikuwa upande wao bila ya kuhitaji umaarufu wowote.

Suala la nyumbani linastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu umaarufu na kelele huenda pamoja. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake, wa Uingereza, waliwaonyesha waamuzi 40 wa kandanda matukio 47 ya mchezo mmoja. Baadhi yao waliyatazama pamoja na kelele za watazamaji, wengine kimya. Waliosikia kelele waliihukumu timu ya nyumbani makosa machache zaidi, kwa asilimia 15.5. Timu kubwa zina mashabiki wengi na kumbi zilizojaa. Anayepima faida ya jina bila ya kuitoa kwanza faida ya kelele, atakuwa amepima kelele akaiita jina.

Je, umaarufu peke yake haujawahi kuonekana? Umeonekana, lakini ushahidi ulio safi zaidi umetoka katika mchezo mwingine. Katika besiboli mwamuzi husema kama mpira uliotupwa ulipita ndani ya eneo fulani la hewani au nje yake, na kamera katika viwanja vyote vya ligi kuu hupima mahali hasa ulipopita. Ukweli unajulikana mbali na mwamuzi. Jerry Kim na Brayden King walichunguza mitupo zaidi ya 700,000 ya misimu ya 2008 na 2009, wakakuta kwamba makosa ya waamuzi yalielekea kuwanufaisha watupaji waliokwisha kuteuliwa mara nyingi katika timu ya nyota. Huko Norway nako, utafiti wa kandanda uliochapishwa mwaka 2020 uliwataka waamuzi wataalamu wayahukumu upya matukio ya penalti ya timu mbili zenye mafanikio, Rosenborg na Molde, nao ulikuta makosa yakiegemea upande wa timu hizo. Matukio yalikuwa machache, lakini mwelekeo ni ule ule.

Kipenga ambacho hakikulia

Katika mpira wa kikapu hakuna kamera inayoweza kupima faulo kama inavyopimwa njia ya mpira hewani, kwa kuwa faulo yenyewe ni hukumu. Tangu mwezi Machi 2015 NBA imekuwa ikichapisha taarifa za dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana, ikieleza tukio baada ya tukio kama mwamuzi alipatia au alikosea. Anayezihukumu ni mwajiri wa waamuzi hao hao, na msomaji makini ataliweka hilo akilini. Pamoja na upungufu huo, taarifa hizo zimefundisha jambo ambalo wahesabu wa mitupo walilisahau: makosa mengi ya waamuzi ni ya kutopuliza kipenga, kuliko ya kukipuliza isivyostahili.

Hilo linaturudisha Los Angeles. Zikiwa zimesalia sekunde chache mchezo wa tarehe 31 Mei kwisha, kiwiko cha Kobe Bryant kilimpiga Mike Bibby wa Sacramento usoni, akaanguka huku akitoka damu puani. Kipenga hakikulia. Tukio hilo halimo katika zile 27 wala katika zile 9. Takwimu zote zilizotangulia hazisemi kama lilikuwa faulo. Linaweza kuhukumiwa kwa kuitazama picha yake tu, nao waliokwisha kuitazama mara nyingi bado wanaona uonevu ulio dhahiri. Uchunguzi wa misimu 13 hauwezi kumpa Sacramento ubingwa wa mwaka 2002, wala usiku mmoja wa Los Angeles hauwezi kuthibitisha tabia ya waamuzi wa ligi nzima.

Zoezi kwa darasa

Shule yenye timu ya netiboli, kandanda au mpira wa kikapu inaweza kulifanya jaribio hili kwa kalamu na karatasi. Kabla ya mchezo darasa likubaliane kosa ni nini, na liandike makubaliano hayo. Yasibadilishwe baada ya mchezo kuanza. Wanafunzi wanne wahesabu makosa ya pande zote mbili, yaliyopulizwa na yasiyopulizwa, kila mmoja akiwa peke yake: wawili wawe wa shule mwenyeji, wawili wa shule ngeni. Wengine wahesabu ni mara ngapi kila timu iliufikisha mpira katika eneo la kufungia. Baada ya hapo makosa yagawanywe kwa idadi ya mashambulizi, na jedwali lichorwe ubaoni. Kwanza zitazamwe tofauti kati ya wahesabu wenyewe kwa wenyewe. Iwapo hesabu za wenyeji na za wageni zitatofautiana kuliko makosa ya timu moja yanavyotofautiana na ya nyingine, darasa lijadili ni kitu gani hasa kilichopimwa siku hiyo.